Hita ya gesi, hita ya umeme au jiko la mkaa: kipi kinafaa nyumba ipi kwenye baridi ya Arusha na Moshi

Mwezi wa saba Ngaramtoni, nje kidogo ya Arusha mjini, si wa kuchezea. Mawingu yanashuka kutoka Mlima Meru alfajiri na hayaondoki mpaka saa saba mchana, siku nyingine hayaondoki kabisa. Mdogo wangu wa kiume na mkewe walipata mtoto mwishoni mwa Juni, na mama yetu akashuka kutoka Kibosho na mkungu wa ndizi za mtori na wazo moja kichwani: chumba cha mzazi lazima kiwe na moto.

Mama alitaka jiko la mkaa. Mdogo wangu alikuwa ameshaiona hita ya gesi dukani mjini, ile yenye magurudumu, mtungi unakaa mgongoni mwake. Wifi yangu aliniita pembeni akaniambia, "Wifi, mimi sitaki ugomvi. Nataka mtoto apate joto tu."

Nilijaribu kumweleza mama habari za mkaa. Akanikata: "Nyie watano nimewalea na jiko chumbani. Nani alikufa?"

Swali la haki kabisa, na nililala nalo. Jibu nililipata asubuhi nilipoangalia juu, kwenye dari. Nyumba ya Kibosho tuliyolelewa ilikuwa ya mbao, mabati juu, na kati ya ukuta na mabati kulikuwa na uwazi ambao jua la asubuhi lilipita. Upepo uliingia huku ukatokea kule. Moto ule ulikuwa unawaka karibu na nje. Nyumba ya mdogo wangu ina madirisha ya alumini, dari ya jipsamu, sakafu ya vigae na mlango uliobana sawasawa. Ukifunga kila kitu usiku, umejifungia kwenye kopo.

Kwa hiyo ulinganisho huu hauanzi na hita. Unaanza na matundu.

Nyumba yako inapumua kiasi gani

Nyumba nyingi za zamani za Arusha na Moshi zina matundu ya hewa juu ya madirisha, yale matofali yenye nafasi au vipande vya mbao vilivyopangwa kama ngazi, na wavu wa mbu kwa ndani. Aliyejenga hakuyaweka kwa urembo. Tatizo ni kwamba baridi ikianza, watu huyaziba kwa magazeti, mfuko wa saruji au khanga iliyochakaa. Ukiona gazeti kwenye tundu, hesabu kwamba hilo tundu halipo.

Nyumba mpya mara nyingi hazina kabisa. Fundi alumini anaweka dirisha la kusukuma, fundi jipsamu anaziba juu, na hewa inabaki ile inayopita chini ya mlango. Chumba kimoja cha kupanga ndicho kigumu zaidi: dirisha moja, mlango mmoja, kitanda, kabati na jiko humo humo.

Fanya jaribio dogo. Washa udi, funga kila kitu kama unavyofunga ukilala, usogeze karibu na tundu na chini ya mlango. Moshi ukivutwa au kusukumwa, kuna njia. Ukipanda wima bila kuyumba kila unapojaribu, chumba hicho hakifai moto wa aina yoyote, uwe wa mkaa au wa gesi.

Mkaa: hapa sitakawia

Jiko la mkaa ndilo bei rahisi kuliko yote na ndilo baya kuliko yote ndani ya nyumba. Watu wanaliwasha nje, wanasubiri moshi uishe, mkaa ukishakuwa mwekundu wanaliingiza ndani wakiamini sumu imetoka. Ni kinyume. Mkaa mwekundu usio na moshi ndio unaotoa kaboni monoksidi kwa wingi, na hewa hiyo haina rangi, haina harufu, haikoholeshi. Inaingia kwenye damu na kukaa mahali pa oksijeni. Damu inaishika kwa nguvu zaidi ya mara 200 kuliko inavyoshika oksijeni yenyewe. Aliyelala haamki ili afungue dirisha.

Mbaya zaidi, dalili zake zinafanana na ugonjwa tuliouzoea. Kichwa kuuma, kizunguzungu, kichefuchefu, mwili kukosa nguvu. Mtu anasema malaria inanyemelea, anajifunika, analala tena chumba kilekile. Kinachoitofautisha: homa hakuna, wanaumwa watu wote wa chumbani kwa pamoja, na wakitoka nje wanapata nafuu. Ikitokea hivyo, toeni watu nje kwanza, kisha hospitali hata kama wanajisikia wamepona, na hospitalini mseme wazi kwamba kulikuwa na moto chumbani.

Kwa chumba cha mzazi mkaa nilikataa, na mama alininunia siku mbili.

Hita ya gesi ya magurudumu: kubwa kuliko sebule yako

Hita hii inaunguza gesi ileile ya jikoni, mchanganyiko wa propani na butani, kwenye pleti za kauri zinazong'aa rangi ya chungwa. Nyingi zina pleti tatu, na zikiwaka zote zinatoa takriban kilowati 4.2. Haina bomba la moshi. Kila kinachotokana na ule moto, joto, mvuke na hewa chafu, kinabaki chumbani mpaka utakapokipa njia.

Sasa soma kitabu chake, kile ambacho muuzaji hakufungulii. Hita za namna hii zilizotengenezwa kwa viwango vya Ulaya zinadai chumba cha angalau mita 20 za ujazo kwa kila kilowati moja. Kilowati 4.2 mara 20 ni mita 84 za ujazo. Sebule yenye dari ya mita 2.7 itahitaji sakafu ya mita za mraba 31, yaani zaidi ya mita tano na nusu kwa tano na nusu. Wangapi tuna sebule hiyo? Ya mdogo wangu ni mita 4 kwa 4.5, na tuliiona kubwa siku ya kuhamia.

Kwa hiyo hita inayouzwa kama ya nyumbani inazidi sebule nyingi za nyumbani. Hiyo haimaanishi huwezi kuitumia. Inamaanisha unawasha pleti moja, ambayo ni karibu kilowati 1.4, na chumba cha mita 3.5 kwa 3.5 kinaitosha, huku hewa ikiwa wazi. Pleti tatu waachie wenye kumbi.

Tazama inavyokula hewa. Pleti zote tatu zinaunguza karibu gramu 300 za gesi kwa saa, na gesi hiyo inahitaji karibu mita moja ya ujazo ya oksijeni. Chumba cha mita 3 kwa 3 kina mita 24 za ujazo za hewa, na oksijeni humo ni mita tano tu. Kikiwa kimezibwa kweli, ndani ya saa moja oksijeni inashuka kutoka asilimia 21 hadi chini ya 18. Moto unaokosa oksijeni hauzimiki kwa heshima; unaendelea kuwaka vibaya na kuanza kutoa kaboni monoksidi.

Hita nzuri ina ulinzi kwa ajili ya hilo: kimoto kidogo cha pembeni kinachoyumba oksijeni ikikaribia asilimia 18, kisha gesi inajifunga. Uliza dukani kama kipo, na kisipokuwepo ondoka, usisikilize punguzo. Lakini usikifanye ndio mlinzi wako mkuu. Kinapima oksijeni, hakipimi sumu. Hita iliyojaa vumbi inaweza kutoa sumu chumba kikiwa na oksijeni ya kutosha. Na kama unaipeleka juu mlimani, baadhi ya hita ndogo za kambini zimeandikwa kwamba huenda zikajizima zenyewe zaidi ya mita 2,100 kutoka usawa wa bahari, kwa kuwa hewa huko ni nyepesi. Arusha mjini, kwenye mita 1,400 hivi, hilo si tatizo.

Halafu kuna maji. Kilo moja ya gesi ikiungua inatoa zaidi ya lita moja na nusu ya maji kama mvuke. Ukiwasha pleti moja kwa muda wa saa nne jioni, unamwaga hewani zaidi ya nusu lita. Julai yetu tayari ina unyevu. Kioo kinatoka jasho, ukuta wa nyuma ya kabati unaota ukungu, nguo zinanuka. Wengi hudhani paa linavuja.

Matundu mawili, kazi mbili

Hapa ndipo watu wanachanganya, na nimesikia hata mafundi wakibishana. Mmoja anasema fungua chini kwa sababu gesi ni nzito. Mwingine anasema fungua juu kwa sababu moshi unapanda. Wote wawili wako sahihi. Wanazungumzia vitu viwili.

Gesi ambayo haijaungua, inayovuja mtungini au kwenye mpira, ni nzito kuliko hewa: propani mara moja na nusu, butani mara mbili. Inashuka, inatambaa sakafuni, inajaa kwenye shimo la maji taka, chini ya kitanda, kwenye ngazi za kushuka. Hiyo inatoka kwa mlango na tundu la chini. Lakini gesi ikishaungua, hewa yake chafu ni ya moto, inapanda na kusambaa chumba kizima. Hiyo inatoka kwa tundu la juu, na mahali pake panajazwa na hewa safi inayoingia chini. Ukifungua moja tu, hewa haizunguki vizuri.

Kipimo cha matundu kwa viwango hivyohivyo vya Ulaya ni sentimita 25 za mraba kwa kila kilowati, na zisipungue 50, nusu juu na nusu chini. Kwa hita ya kilowati 4.2 ni sentimita za mraba 105, kama tundu la sentimita 10 kwa 10. Ni dogo kuliko watu wanavyodhani. Dirisha la alumini lenye kimo cha sentimita 120, ukilisukuma sentimita moja tu, umeshapata 120. Wavu wa mbu unakula sehemu, hasa ukiwa na vumbi, kwa hiyo sukuma vidole viwili au vitatu, na acha nafasi chini ya mlango. Lile taulo la kuzuia upepo mlangoni liondoe. Kama nyumba ni yako, mwite fundi atoboe matundu mawili ya kudumu, moja juu na moja chini. Dirisha mtu atalifunga akisikia baridi. Tundu halifungwi kwa kusahau.

Mama aliposikia kwamba unawasha hita halafu unafungua dirisha, alicheka mpaka akasahau kununa. "Sasa si bora mkae nje?" Lakini jaribu. Pleti hizi zinapasha kwa mionzi, kama jua: joto linakufikia wewe na kochi moja kwa moja, hata hewa ya chumba ikiwa bado ina ubaridi kidogo. Uwazi wa vidole viwili hauliondoi joto hilo.

Mahali pa kuiweka

Mdogo wangu alitaka kuiweka pembeni mwa kabati la televisheni, ielekee makochi. Makochi yenyewe yana vile vitambaa vya kufuma vinavyoning'inia, kazi ya mikono ya mama. Nikamwambia asogee nayo. Mbele ya hita acha angalau mita moja tupu, mita moja na nusu ni bora, bila kochi, pazia, zulia lenye manyoya wala kamba ya nepi. Nepi hasa. Nyumba yenye mtoto mchanga mwezi wa saba ina nepi zisizokauka, na kila mtu ataiangalia hita akiwaza jambo hilohilo. Nyuma acha sentimita 20 hivi kutoka ukutani ili mtungi usipate joto na hewa ipite.

Usiiweke kwenye njia ya kutoka chumbani. Ikishika moto, isiwe kati yako na mlango. Usiiweke chini ya rafu, wala mkabala na upepo wa mlango, kwa kuwa kimoto kitakuwa kinayumba na hita kujizima kila mara. Sakafu iwe tambarare, vigae vizuri kuliko zulia. Watoto wanaotambaa wanahitaji kizuizi cha chuma mbele yake, kilichofungwa ukutani, kwani pleti inaunguza hata ikiwa imeshazimwa.

Mtungi usimame wima, daima. Ukiulaza, gesi ya maji inaingia kwenye regyuleta na moto unaruka. Hita hizi zimetengenezwa kubeba mtungi mmoja wa kimo fulani, mara nyingi wa kilo 15. Wa kilo 6 utaingia, lakini angalia kichwa chake. Vichwa vya mitungi ya kampuni mbalimbali havifanani vyote, na regyuleta ya kulazimisha ndiyo mwanzo wa kuvuja. Mtungi wa akiba usiuhifadhi chumba hichohicho. Kila unapobadilisha, paka povu la sabuni kwenye maungio ya mpira na regyuleta. Mapovu yakikua, funga, usiwashe. Kamwe usijaribu kwa kiberiti. Mpira wenye nyufa au uliopita tarehe iliyochapwa juu yake unatupwa, haufungwi na mpira wa baiskeli.

Kabla ya msimu isafishe. Hita iliyokaa stoo miezi tisa imejaa vumbi, na buibui wanapenda vijitundu vya gesi kuliko unavyoweza kuamini. Siku ya kwanza iwashe ikiwa barazani. Pleti zing'ae sawasawa. Rangi ya chungwa ni ya kawaida kwa kauri. Ndimi za njano zinazolamba nje ya pleti, au masizi meusi juu yake, si kawaida, na hita hiyo inarudi kwa fundi.

Chumba cha kulala hapana. Bafuni hapana. Hili limeandikwa kwenye vitabu vya hita zenyewe, si uoga wangu. Na kwa kuwa tumetaja bafu: zile hita za gesi za kuchemsha maji ya kuoga papo hapo zina hatari ileile, kwenye chumba kidogo zaidi, mlango ukiwa umefungwa. Mahali pake ni ukuta wa nje.

Umeme: hauli hewa, unakula uniti

Hita ya umeme haiunguzi kitu. Haitumii oksijeni, haitoi mvuke, haitoi sumu. Kwa chumba cha kulala hoja hiyo peke yake inamaliza mjadala. Lakini kuna hita na hita.

Ya nondo zinazowaka nyekundu ni bei rahisi na inapasha haraka, ila blanketi likiiangukia usiku ni moto. Ya feni inapiga kelele na kukausha koo. Ya mafuta, ile inayofanana na mbavu za chuma, inachukua nusu saa kupata joto, ina themostati inayoizima joto likitosha, na hakuna kinachowaka wazi. Mafuta yaliyomo ndani hayaunguzwi wala hayaongezwi. Kwa mtoto au mzee ningechagua hiyo, na usitandaze nguo juu yake.

Shida ya umeme iko ukutani. Hita ya wati 2,000 inavuta karibu ampea 9 kwa saa nyingi mfululizo. Soketi nzuri ya ampea 13 inaweza, soketi iliyolegea inaungua polepole. Ekstensheni za bei ya chini zenye waya mwembamba sahau kabisa. Chomeka hita ukutani moja kwa moja, na jagi la umeme lisichomekwe mahali hapo. Baada ya nusu saa gusa plagi. Ikiwa ya moto kiasi cha kuondoa mkono, zima na uite fundi.

Na umeme ukikatika, umekatika na joto lako. Hapo gesi inashinda bila ubishi.

Hela

Watu wengi hununua hita ya gesi wakiamini gesi ni rahisi mno kuliko umeme. Tupige hesabu. Kilo moja ya gesi inatoa joto la karibu uniti 13. Julai ile tulijaza mtungi wa kilo 15 kwa shilingi 58,000, yaani karibu 3,870 kwa kilo. Gawa kwa 13, unapata kama shilingi 300 kwa uniti ya joto. Umeme wa TANESCO kwa mteja wa kawaida wa nyumbani umekuwa shilingi 292 kabla ya kodi, na ukinunua LUKU inakuja karibu 356. Tofauti ni ndogo, na sehemu ya joto la gesi inapotelea dirishani. Weka bei ya mtaani kwenu kwenye hesabu hiyohiyo, utaona.

Kwa jioni: pleti moja kwa muda wa saa nne inakula gramu 400, kama shilingi 1,550, na mtungi wa kilo 15 unakwenda mwezi mmoja na wiki. Washa pleti tatu, mtungi huohuo haufiki wiki mbili. Hita ya mafuta ya wati 1,500 chumbani kwa wifi, mlango ukiwa umefungwa na themostati katikati, ilikuwa ikitumia uniti tano hadi sita kwa usiku mzima, shilingi 2,000 hivi.

Lakini kuna mtego kwa anayelipa bei ya matumizi madogo, shilingi 100 kwa uniti kabla ya kodi, ambayo kikomo chake ni uniti 75 kwa mwezi. Uniti sita kila usiku ni 180 kwa mwezi, na umeshatoka kwenye bei hiyo. Kwa nyumba kama hiyo, hita ya umeme inapandisha bei ya taa na friji pia. Kwao ningesema blanketi zito, chupa ya maji ya moto na soksi kwanza.

Vingine vinavyopendekezwa

Jiko la gesi la kupikia kuliacha linawaka ili kupasha nyumba: hapana. Halina kipimo cha oksijeni, majiko mengi hayajifungi moto ukizimwa na upepo, na lile la mtungi mdogo lenye kichomeo juu linaanguka kwa kuguswa.

Hita ya gesi yenye bomba la kupita ukutani ni jambo jingine kabisa. Ile nzuri ina bomba la kuta mbili: inavuta hewa ya kuungulia kutoka nje na kutoa moshi nje, hewa ya chumba haiguswi. Kati ya hita zote za gesi, hiyo ndiyo ningeilaza nyumba moja na watu. Ila inataka fundi anayeijua, tundu la kudumu ukutani na mtungi nje kwenye kizimba chenye hewa. Si ya mpangaji, na si kitu utakachokikuta kila duka la Arusha.

Kengele ya kaboni monoksidi ni kifaa kidogo cha betri. Kama una moto wowote ndani, inunue kabla ya hita. Iweke kwenye chumba chenye hita, mita moja hadi tatu kutoka kwenye hita, usawa wa kichwa cha mtu aliyekaa au juu zaidi. Usiichanganye na kengele ya gesi inayovuja, ambayo inakaa chini karibu na sakafu, wala ya moshi; hakuna inayofanya kazi ya mwenzake.

Ukisikia harufu ya gesi, usiguse swichi yoyote, hata ya kuzima. Fungua milango, funga mtungi, tokeni, na ukiwa nje piga 114 kwa Zimamoto na Uokoaji.

Nani achukue nini

Nyumba ya zamani yenye matundu wazi, kama zile za Kijenge huku Arusha, familia inayokaa sebuleni jioni: hita ya gesi ya magurudumu inafaa, pleti moja, ukishatoa magazeti. Moshi mjini kwenyewe, kule chini, nisingenunua chochote. Sweta linatosha wiki zile chache. Kibosho, Uru na Marangu juu ni habari nyingine.

Nyumba mpya ya alumini na jipsamu: umeme vyumbani, gesi sebuleni tu na baada ya kutoboa matundu. Usipotaka kutoboa, usinunue gesi.

Chumba kimoja cha kupanga: umeme au blanketi. Hakuna hita ya gesi isiyo na bomba inayofaa chumba unacholala, hata ukiahidi kuamka uizime. Usingizi hautunzi ahadi.

Kwa mdogo wangu tuliishia na vyote viwili. Hita ya mafuta iko chumbani, mita moja na nusu kutoka kitandani, imechomekwa ukutani. Hita ya gesi alinunua pia, sikuweza kumzuia, ila fundi alitoboa matundu sebuleni kabla mtungi haujaingia, na inazimwa saa tatu usiku: mtungi unafungwa kwanza, gesi iliyobaki kwenye mpira inaungua, ndipo kitufe. Kengele imetundikwa ukutani. Mama aliuliza ni saa gani hiyo isiyo na mishale.

Jiko lake la mkaa liko barazani nyuma, linachemsha mtori.